Nyuma ya Ukurasa wa Marehemu

Kila mwaka, siku mbili kabla ya mtihani wa taifa, shule yetu ilikuwa ikivalishwa magazeti. Sheria inasema chumba cha mtihani kisiwe na maandishi wala picha inayoweza kumsaidia mtahiniwa, na shule yetu, kama nyingi za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, imechorwa kila mahali mkono ulipofika. Chumba cha gredi ya tatu, ambacho gredi ya tisa hukiazima kufanyia mtihani kwa sababu ndicho kikubwa, kina mzunguko wa maji, meno ya binadamu, ramani ya Kenya na ng'ombe. Ng'ombe huyo alichorwa na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni kupamba mabucha, na sura yake ni ya mnyama anayejua mwisho wake. Sehemu zake zote zimeandikwa majina.

Kazi ya kufunika kuta ilikuwa yangu. Niliwahi kusema katika mkutano wa walimu kwamba wanaume wanaobandika magazeti hubandika kama watu wanaofukuzwa, na mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamke mwenzangu na hana muda wa kupoteza, akasema basi kuanzia leo nitabandika mimi. Mdomo huponza kichwa. Nilikubali kwa hasira, kisha nikaipenda kazi.

Ninafundisha Kilimo na Lishe. Mwaka ninaousimulia, binti yangu alikuwa gredi ya tisa papo hapo shuleni. Nyumbani huniita Mathe, shuleni huniita Madam, na hajawahi kukosea hata siku moja. Tunaishi mtaa wa Tena, ghorofa ya tatu, na veranda yetu ina mikebe kumi na mmoja iliyokuwa ya rangi, sasa imepandwa sukuma wiki. Mikebe hiyo ni yake. Tangu akiwa mdogo wa kubebwa, nilimfundisha kuifunika kwa matandazo ya maganda makavu ya mahindi ili udongo usikauke, na akawa anaifunika kabla ya kwenda shule kama watoto wengine wanavyopiga mswaki.

Magazeti yalitoka kwa jirani wa ghorofa ya chini, karani mstaafu wa reli. Husoma gazeti kila siku, akalikunja, akalipanga juu ya kitanda alichoacha binti yake alipoolewa. Mara moja kwa mwaka alinipa rundo zima, isipokuwa kurasa zenye fumbo la maneno ambalo alikuwa hajalimaliza.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, nzito kiasi. Picha za wanasiasa ziligeuzwa ukutani, maana mtoto hawezi kukokotoa hesabu huku mtu anamwahidi barabara. Mpira wa miguu uligeuzwa pia, kwa ajili ya wavulana. Lakini kurasa nilizozigeuza kwa uangalifu kuliko zote ni zile za matangazo ya vifo. Sisi tuliotoka magharibi mwa Kenya tumelelewa kujua kwamba huanzi jambo kubwa huku sura za marehemu zikikutazama. Mama yangu aliwahi kuahirisha kupanda mahindi kwa sababu redio ilitangaza kifo cha mtu asiyemjua. Mimi ni mwalimu wa sayansi ya udongo. Siamini mambo hayo, lakini siyabandiki.

Sasa kila ukurasa una upande wa pili. Upande wa pili wa ukurasa mmoja wa marehemu ulikuwa na mazoezi ya watahiniwa, yale ambayo magazeti yetu huchapisha kila wiki: maswali juu, majibu chini, yametungwa na mwalimu fulani mahali fulani. Niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona, kwa sababu nilipitisha kitambaa juu yake mara mbili kuondoa mapovu. Ila kwa macho ya mwalimu, maswali si kitu cha kushtua. Nilichoona ni kwamba hakuna sura ya mtu. Jioni msimamizi wa mtihani, mwalimu mpole kutoka shule moja ya Pipeline, mtaa wa maghorofa matupu, alikuja kukagua chumba. Alisema hajawahi kuona kuta nadhifu namna hii, na mimi nikalala vizuri.

Karatasi ya Kilimo ilikuwa siku ya pili. Mwalimu mkuu alikuwa ameamka alfajiri kama kawaida kwenda kuchukua karatasi kwenye kontena lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wake na mwingine wa serikali, akazisindikiza hadi shuleni na askari. Mtihani wetu hulindwa njia nzima. Mimi, kwa kuwa ni somo langu, sikuruhusiwa kukanyaga uwanja wa shule siku hiyo. Nilikaa nje ya lango, kwenye kibanda cha chai, nikila mandazi nisiyoyahitaji.

Katikati ya mtihani nikamwona mwalimu mkuu anatoka langoni kwa miguu. Mwalimu mkuu hatoki nje wakati wa mtihani hata nyumba yake ikishika moto. Nikaweka kikombe chini.

"Madam," akasema, "ukuta umejibu swali."

"Ukuta gani?"

"Wako."

Akanisimulia amesimama, kwa sauti ya chini, huku mwenye kibanda akijifanya anasugua sufuria. Wanafunzi hukaa kwa mpangilio wa nambari zao za mtihani, na nambari ya mtoto mmoja ilikuwa imemweka dawati la mwisho, bega likigusa ukuta. Maandishi ya gazeti ni madogo. Asingeyasoma mtu mwingine yeyote chumbani. Dakika kumi baada ya kuanza, mtoto huyo aliinua mkono. Msimamizi alipofika, akamwambia, "Sir, swali la kumi na nne liko hapa kwa ukuta. Na jibu yake."

Msimamizi alivaa miwani. Swali lilisema: Toa sababu mbili za kuweka matandazo kwenye bustani. Ukutani, karibu neno kwa neno, swali lilikuwa hilo hilo, na chini yake majibu: kuhifadhi unyevu wa udongo na kuzuia magugu. Msimamizi akaubandua ukurasa. Gundi yangu ilikuwa nzuri, ikatoka na rangi kidogo, na nyuma yake kikatokea kichwa cha ng'ombe pamoja na shingo, vyote vimeandikwa majina. Swali la kumi na tisa liliuliza sehemu za ng'ombe.

Hakukuwa na gazeti lingine. Askari akaitwa kutoka mlangoni na kuombwa asimame mbele ya ng'ombe mpaka mtihani uishe. "Mimi sijui ng'ombe," alisema askari, "lakini kusimama naweza." Akasimama muda wote uliobaki, bunduki kifuani, na kila alipobadilisha mguu sikio lilitokea upande mmoja. Wanafunzi waliniambia baadaye kwamba walimaliza mtihani wakihisi ng'ombe amekamatwa.

"Ni mtoto gani aliyeinua mkono?" nikauliza.

Mwalimu mkuu aliangalia barabarani.

"Naye wako," akasema.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Somo ni langu, ukuta ni wangu, gundi ni yangu, na kwenye dawati pekee ambako jibu lingesomeka amekaa binti yangu. Mtu angeambiwa atunge kisa cha mwalimu mwizi wa mtihani, asingepata kilichonyooka kuliko hicho. Mimi ningeweza kusimamishwa kazi. Lakini kilichonikata maini ni kwamba matokeo ya binti yangu yangeweza kufutwa, na ya chumba kizima kuzuiwa, na mtoto aliyesoma miaka tisa akabaki nyumbani akimwagilia mikebe.

Basi nilikasirika, na aliyenipa hasira hakuwa mwalimu wa gazeti wala mimi mwenyewe. Nilimkasirikia mtoto. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliporudi jioni na kuvua viatu mlangoni, hata hakuwa ameweka mkoba chini nilipomvamia.

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Mathe, si wewe ndiye hutuambia mtu akiona kitu aseme saa hiyo hiyo?"

"Hiyo ilikuwa ya viwavi kwenye sukuma!"

Alinitazama bila kucheka. Nikamuuliza kama hilo swali alilijibu. Akasema alilijibu. Akachukua jagi, akaenda veranda.

Afisa wa elimu alikuja wiki iliyofuata, mtihani ukiwa umekwisha. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha ulikuwa ukurasa wangu, umekauka na kukunjamana, vipande vya rangi ya ng'ombe bado vimeng'ang'ania. Tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliuweka mezani kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, ulikuwa na nia gani na ukurasa huu?"

"Nilikuwa nawakwepa marehemu."

Akainua kalamu, akaishusha. "Rudia tafadhali."

Nikamweleza yote: mama yangu, mahindi, redio. Aliandika polepole, nami nikisoma juu chini: Mwalimu anasema alikuwa anawakwepa marehemu. Kisha akaugeuza ukurasa kuhakikisha. Marehemu walikuwepo, safu nne, wenye suti na vilemba. Akaanza kuwasoma. Aliwasoma wote hadi wa mwisho, majina ya watoto na wajukuu na mahali pa mazishi, kama tufanyavyo sote, na sisi tukamngoja. Alipomaliza alitikisa kichwa na kusema watu wanakwisha.

"Swali moja tu," akasema akirudisha ukurasa kwenye bahasha. "Bila huu ukuta, binti yako angejua jibu?"

Hapo nikaudhika. "Hilo? Bwana afisa, hilo binti yangu hawezi kulikosa hata akiamshwa usingizini."

Akaliandika hilo pia, na akalipigia mstari.

Tulikaa tukingoja. Katika ofisi ya walimu mazungumzo yalikatika kila nilipoingia, isipokuwa siku moja mwalimu wa Hisabati alipochelewa kukatiza, nikamsikia akimalizia kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kama aliyekuwa anakula alikuwa mimi au binti yangu. Jirani wa chini aliposikia gazeti lake limehusika alipanda ngazi za ghorofa tatu, jambo ambalo goti lake halimruhusu, akaniuliza ni gazeti la tarehe gani. Nilipomwambia sijui, alisikitika sana, maana hilo huenda ndilo lililokuwa na fumbo analolitafuta.

Nyumbani hatukuzungumza juu yake. Binti yangu alisaidia kupika, akasoma vitabu vya kuazima, akafunika mikebe yake. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Mara mbili nilisimama mlangoni kwake nikitaka kusema neno, na mara zote mbili nikamwambia asisahau kuzima taa, na taa ilikuwa imeshazimwa.

Kisha matokeo yakatoka, na yake yalikuwemo. Ya shule nzima yalikuwemo. Nililia jikoni nikiwa nimeshika mwiko. Siku chache baadaye ikaja barua. Mimi nilionywa kuwa mwangalifu zaidi na kuta. Kuhusu mtoto, barua ilisema karatasi yake ilitolewa na kukaguliwa, na haikuonekana kwamba alinufaika na ukurasa uliotajwa. Niliisoma kwa sauti mezani mara mbili.

"Bila shaka hukunufaika na ukurasa," nikasema. "Ulinufaika na mama yako."

Binti yangu alikuwa anakata ugali. Alisema, "Ndiyo, Mathe," na kuomba mboga.

Furaha yangu ilikuwa na punje moja tu ya mchanga. Masomo yote alikuwa amezidi matarajio, ambayo ndiyo daraja ya juu kabisa, isipokuwa Kilimo. Kilimo aliandikiwa amefikia matarajio, daraja moja chini. Somo langu mwenyewe! Watoto wa Pipeline, ambao maisha yao yote hawajamiliki udongo wa kujaza kikombe, walizidi matarajio katika Kilimo, na binti wa mwalimu wa Kilimo, mwenye mikebe kumi na mmoja, akafikia tu. Nilimwambia hayo likizo nzima. Nilimwambia mbele ya shangazi zake, nilimwambia mbele ya jirani, nilimwambia tukiwa soko la Muthurwa tunamnunulia sanduku la shule ya bweni, huku muuza masanduku akiunga mkono. Nilisema uvivu ni uvivu hata ukivaa sare. Hakujibu hata mara moja. Nikadhani ni aibu.

Mwezi huo huo wa likizo niliitwa kwenye mkutano wa kukusanya maoni kuhusu kuboresha mitihani. Nadhani waliniita kwa sababu ya barua. Nchi hii ukikosea kidogo huonywa, na ukikosea kwa namna ya kipekee hualikwa. Kulikuwa na chai ya maziwa na viti vilivyovishwa vitambaa. Mtu mmoja wa mitihani alitueleza maswali yanavyotungwa: walimu hukusanywa mahali pamoja wakatunga, wengine wakayapitia, wengine wakayapitia tena, kisha yakafungiwa. Nikauliza ilikuwaje basi lile la matandazo likatokea gazetini. Akasema, bila kuona haya, kwamba hakuna aliyeiba. Mwalimu wa gazeti alisoma kitabu kile kile walichosoma watungaji, na kuhusu matandazo hakuna mengi ya kuuliza.

Niliinua mkono tena nikatoa maoni mawili. La kwanza, kuta zifunikwe kwa karatasi isiyo na maandishi upande wowote. La pili, tuache kuuliza mtoto sababu mbili za hiki na sababu tatu za kile, maana sababu hizo hata ukuta unazijua. Mpe mtoto mkebe wa udongo mkavu, maganda na maji kidogo, umwambie akurudishie baada ya wiki ukiwa na unyevu. La kwanza lilikubaliwa siku hiyo hiyo, na sasa shule yetu hubandikwa karatasi za kaki tupu. La pili liliandikwa kwamba limezingatiwa. Aliyewahi kuhudhuria mikutano anajua kuzingatiwa ni nini.

Nilirudi nyumbani nimejaa upepo. Binti yangu alikuwa veranda, amepiga magoti kati ya mikebe, akiweka maganda mapya. Alibakiwa na siku nne kwenda bweni na hakutaka ikauke akiwa hayupo. Nikamsimulia mkutano wote, nimeegemea mlango na jagi mkononi.

"Swali kama lile lako," nikasema, "si swali. Mtu yeyote anajibu. Kuhifadhi unyevu, kuzuia magugu, kwisha."

"Mimi sikuandika hivyo."

Alisema akiwa ameinama, akisawazisha maganda kwa kiganja.

"Uliandika nini?"

"Niliandika ati ni ndiyo bustani ikae poa."

"Sababu zilikuwa mbili."

"Ya pili nikaandika ni ndiyo kuku zipate pa kulala."

Nilingoja acheke. Akahamia mkebe mwingine.

"Lakini jibu ulilijua."

"Mathe, hiyo naijua tangu nursery."

"Sasa kwa nini?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza, uso wake ukiwa mtulivu, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Ningeandika ile sawa, wangesema ni wewe ulinibandikia."

Barua nilikuwa nimeiweka kwenye droo ya vijiko, na sikuhitaji kwenda kuisoma. Haikuonekana kwamba alinufaika. Mtu fulani aliifungua karatasi yake akitafuta jibu langu, akakuta kuku wamelala bustanini, akaifunga, na kazi yangu ikapona. Mimi nami nilikuwa nimemwambia afisa kwamba swali hilo hawezi kulikosa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanafunzi wala mzazi. Likizo nzima nilikuwa nimemwita mvivu, naye alikata ugali akaniachia niseme.

Nilimwomba msamaha. Maneno yalitoka vibaya, nusu yake yakawa kuhusu jagi, kwa sababu sikuzoea. Akasema ni sawa, Mathe, iliisha. Kisha akanionyesha mkebe wa mwisho, ule wa pembeni, akasema huo hukauka kabla ya mingine maana jua huupiga kuanzia saa nane, kwa hiyo akienda nisiusahau.

Sijausahau. Naumwagilia kila siku nikitoka shuleni, hata siku za mvua.